Nasaha kwa Wazee na Vijana: Malazi ya Mwanafunzi Aendaye Japani

Mzazi mmoja wa mwambao ametuandikia kwamba mwanawe amekubaliwa katika shule ya lugha ya Kijapani iliyoko mjini Tokyo, na kwamba shule hiyo imemletea karatasi ya kuchagua mahali pa kukaa: ama bweni la shule, ama nyumba ya Wajapani wapokeao wanafunzi wageni, ama ajitafutie mwenyewe chumba cha kupanga. Naye atuuliza swali moja tu: katika haya matatu, lipi lililo salama kwa dini ya kijana wake?

Swali hili ni jema, na twamwombea Mwenyezi Mungu amzidishie mzazi huyo hima. Wazee wengi huuliza karo ni kiasi gani na nauli ya ndege ni kiasi gani, kisha jambo la malazi humwachia mtoto, kana kwamba ni jambo la kufika na kuangalia. Walakini swali lake ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: lipi katika hayo matatu litakalomfanya kijana aijue hiyo lugha aliyoiendea? Kwani mtu hampeleki mwanawe mwendo wa zaidi ya kilomita 10,000 ili akae ndani ya chumba na wenziwe wa nyumbani wakizungumza Kiswahili, kisha arudi baada ya miaka miwili akijua kuamkia na kuagiza chai.

Tumeulizia kwa waliokwisha kusoma huko, na tumetazama kanuni za nchi ile zihusuzo wanafunzi, tukaona ya kuwa dini na lugha vyote viwili huanzia katika nyumba aliyolala. Na tuanze na lugha, maana ndiyo safari yenyewe.

Kijapani kwa mtu wa Kiswahili si kigumu kutamka. Irabu zao ni tano kama zetu, a, i, u, e, o, na maneno yao huishia kwa irabu, isipokuwa yale yaishiayo kwa n. Hata neno la kigeni likiingia kwao hulivika irabu mwishoni, kama tufanyavyo sisi: sisi twasema basi, wao husema basu. Kwa jambo hili kijana wa pwani huwatangulia wanafunzi wengi wa Ulaya siku ya kwanza. Taabu iko katika kuandika. Wana namna mbili za herufi za silabi, hiragana na katakana, na kila namna ina herufi 46 za asili. Kisha juu yake wana herufi zilizotoka Uchina, waziitazo kanji, na orodha ya serikali ya zile zitumikazo katika maandishi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina herufi 2,136. Sisi tufundishao watoto alif na be twajua jasho la herufi 28. Basi na wasomaji wapime wenyewe.

Shule ya kufundishia wanabalozi wa Marekani hukadiria kwamba mtu mwenye lugha ya Kiingereza huhitaji saa 2,200 za darasani ili afikie Kijapani cha kufanyia kazi. Shule za lugha za Japani, kwa kanuni zao, husomesha saa 760 au zaidi kwa mwaka, yaani kiasi cha saa 20 kwa wiki, nusu ya siku tu, asubuhi au mchana; na mwanafunzi hakai katika shule hizo zaidi ya miaka miwili. Miaka miwili kwa kiwango hicho ni saa 1,520. Zile 680 zilizobaki atazipata wapi? Atazipata jikoni, ngazini, dukani, na kwa jirani. Atazipata nyumbani, au hatazipata kabisa.

Sasa tuje katika Sala. Huku kwetu jua lina adabu: huchomoza karibu saa 12 na kuzama karibu saa 12, na tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Tokyo sivyo. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa 10 na nusu, na alfajiri yenyewe huingia kabla ya saa 9 za usiku. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa 10 na nusu za alasiri, wakati ambao huku kwetu watoto wa chuoni hawajatoka bado.

Mtazame basi kijana aliyewekwa katika darasa la mchana, liingialo saa 7 na kutoka karibu saa 10 na nusu. Adhuhuri ataisali kabla ya kuingia, maana katika Desemba wakati wake huingia kabla ya saa 6. Ama Alasiri, huingia saa 8 na robo hivi, naye yumo darasani. Na atokapo mlangoni, jua limekwisha kuzama. Ikiwa chumba chake kiko mwendo wa saa nzima kwa treni, kama walivyo wengi wapelekwao nje ya mji kwa urahisi wa kodi, atafika kwake saa 11 na nusu, na Magharibi imebakiwa na nusu saa. Tena kijana huyu si msafiri wa kupunguza na kukusanya Sala. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari imemwondokea. Sembuse mwenye kunuia kukaa miaka miwili. Wako vijana waliojidanganya kwa jambo hili, wakakusanya Sala mwaka mzima kwa kuwa ati wako ugenini.

Kwa hivyo neno la kwanza la kuiambia shule ni kwamba kijana aombewa darasa la asubuhi, na chumba cha kuweza kwenda kwa miguu. Atokaye saa 6 na nusu hurudi kwake, akasali Adhuhuri kwa utulivu na Alasiri kwa wakati wake, na siku ya Ijumaa, kama msikiti u karibu, huenda akaiwahi khutuba bila ya kukatiwa siku darasani. Jambo hili la kukatiwa si dogo: mahudhurio huandikwa kila siku, na yakipungua, Idara ya Uhamiaji hukataa kuongeza muda wa kukaa. Kama nafasi za asubuhi zimekwisha, iulizwe shule kabla ya kulipa kama iko pembe ambamo kijana ataweza kusali katika ile mapumziko fupi ya baina ya vipindi. Shule nyingi hazikatai. Zataka tu kuambiwa mapema. Na kibla, ambacho huku kwetu ni kaskazini, huko ni magharibi kwa kuinamia kaskazini kidogo.

Misikiti ipo. Wa Kobe ulijengwa mwaka 1935, na ndio wa kwanza katika nchi ile. Ukasalimika katika mabomu ya mwaka 1945, ukasalimika tena katika tetemeko kubwa la mwaka 1995. Wa Tokyo ulijengwa mwaka 1938 na Waislamu wa Kitatari waliokimbia Urusi, ukavunjwa kwa uchakavu mwaka 1986, na uliopo sasa, uliojengwa kwa msaada wa Waturuki, ulifunguliwa mwaka 2000. Leo misikiti na nyumba za kusalia katika Japani zimezidi mia moja. Hata hivyo hatushauri kijana atafute chumba kwa kuufuata msikiti na kuiacha shule mbali. Shule huenda kila siku. Msikitini kwa uchache ataitwa Ijumaa. Na kitu cha kila siku ndicho kifaacho kuwa karibu.

Ama bweni, hapa wazee wengi hukosea. Mabweni ya wanafunzi huko ni namna mbili. Yako yatoayo chakula cha asubuhi na cha jioni, na fedha ya chakula imo ndani ya kodi, ule usile. Na yako yasiyotoa chakula ila yana jiko la kutumiwa na wote. Mzazi asikiapo bweni lenye chakula hufurahi, akasema mtoto hatashinda na njaa. Sisi twaona kinyume chake. Nguruwe kwa Kijapani huitwa buta, naye hayumo katika nyama peke yake: mafuta yake huwamo katika mikate mingi, na katika ile bizari ya mchuzi iuzwayo imegandishwa vipande vipande kama sabuni, na mifupa yake hutengenezewa supu za tambi. Na mahali pasipo nguruwe pana mirin, nayo ni pombe tamu ya mchele yenye ulevi wa kiasi cha asilimia 14, itiwayo katika samaki na mboga kama sisi tutiavyo tui la nazi. Mpishi wa bweni hana nia mbaya. Umwambiapo kwamba huli nguruwe, atakuondolea vipande vya nyama kwa heshima kubwa, kisha atakupakulia mchuzi wake.

Basi bweni la jiko ni bora kuliko bweni la chakula. Kijana anunue sufuria yake, kikaango chake na kisu chake siku ya pili ya kufika, aviweke chumbani mwake, asivichanganye na vya jikoni. Chakula cha halali si shida kama kilivyokuwa zamani: maduka ya Gyomu Super huuza kuku wa kugandishwa watokao Brazil wenye alama ya halali, na katika mtaa wa Shin-Okubo mjini Tokyo kuna maduka ya Waislamu auziwamo nyama, dengu na bizari. Mchele, mayai na samaki viko kila mahali. Na katika zile herufi 2,136, za kwanza kuzijua baada ya kujua kuandika jina lake na ziwe herufi ya nguruwe na herufi ya pombe, apate kusoma nyuma ya pakiti. Mwalimu wake atastaajabu, lakini atamwandikia.

Tena kuna jambo la kuoga, ambalo hakuna atakayelitaja usipouliza. Wajapani tangu zamani huoga pamoja, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, bila ya nguo yoyote, katika birika kubwa la maji ya moto. Kwao ni usafi na mazungumzo ya majirani, wala hapana ubaya wanaoufikiri. Mabweni ya zamani mengine bado yana hamamu ya namna hii tu. Kwetu sisi baina ya kitovu na magoti ni uchi, hata baina ya mwanamume na mwanamume. Kwa hivyo iulizwe wazi: je, kuna bafu la mtu mmoja lenye mlango wa kufunga? Bweni lisilo nalo liachwe, hata likiwa rahisi. Ama vyoo, tuseme haki, Wajapani wametushinda. Vyoo vyao vingi vina bomba la kustanjia, na maji ya uvuguvugu kwa atakaye. Mwenye shida ya kopo ni yule aendaye Ulaya, si huyu.

Nyumba ya familia ya Kijapani ndiyo shule ya lugha iliyo bora kuliko zote. Hapo mtoto wa miaka mitano humsahihisha mgeni wala hamwonei haya. Lakini huko ndani mgeni hana jiko lake. Hula pamoja na watu, na mwenye nyumba aliyeshinda akipika husononeka mgeni asipokula. Huenda pana mbwa sebuleni. Huenda baba mwenye nyumba akamkaribisha bia jioni kwa wema wake, na kijana mwenye haya asijue jinsi ya kukataa kwa lugha asiyoijua. Rai yetu ni kwamba nyumba ya namna hii isiwe ya kwanza. Kijana akikaa mwaka, akapata ulimi wa kueleza alacho na asichokula na wakati wa Sala zake, basi na aende huko kwa mwezi mmoja wa likizo, na familia iwe imekwisha kuandikiwa mapema. Hapo atavuna. Akienda siku ya kwanza akiwa bubu, ama atakula asichokijua, ama atalala na njaa akiona haya.

Kupanga chumba peke yake siku ya kufika, hilo na asilijaribu. Huko vyumba hupimwa kwa mikeka: chumba cha mikeka sita ni kiasi cha mita 10 za mraba. Kwa chumba cha kodi ya yeni 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba aweza kutaka amana ya mwezi mmoja, na zawadi ya mwezi mmoja iitwayo reikin ambayo hairudi kamwe. Dalali naye ana ujira wake wa mwezi mmoja. Kampuni ya udhamini ina yake. Na kodi ya mwezi wa mwanzo hulipwa mbele. Jumla yake hufika mara nne au tano ya kodi kabla hujalala hata usiku mmoja, na chumba chenyewe aghlabu ni kitupu, hakina jiko wala taa ya darini. Tena wako wenye nyumba wasiopenda wageni. Wizara ya Sheria ya Japani ilipowauliza wageni mwaka 2016, karibu wanne katika kila kumi miongoni mwa waliotafuta nyumba walisema walikataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Atakayepanga baadaye, aulize mwaka wa kujengwa nyumba: kanuni za kuzuia madhara ya tetemeko zilitiwa nguvu mwezi wa Juni 1981, na za kabla ya hapo zina khofu.

Sasa twafika kwenye neno tulilotaka kumwambia mzazi huyu khasa. Najua, atasema, hayo yote nimeyasikia. Mimi nina jamaa yangu huko, wako vijana wanne wa kwetu wakaao nyumba moja, wanasali jamaa na kupika pilau. Si bora mwanangu akae nao? Twasema: kwa wiki mbili za kwanza ni bora, na Mwenyezi Mungu awalipe. Kwa miaka miwili, hapana. Nyumba ile ni salama kwa dini, lakini ni kaburi la lugha. Kijana ataamka kwa Kiswahili, atapika kwa Kiswahili, na kanji zake zitakaa ndani ya mkoba. Na asiyejua lugha hapiti mitihani, na asiyepita mitihani hana chuo cha kwendea baada ya shule ya lugha, na hapo kazi za usiku ndizo zimwitazo. Tukitazama mwisho wake, hata ule usalama wa dini tuliouona mlangoni ulikuwa wa muda.

Waarabu wana msemo kwamba jirani kabla ya nyumba. Nasi twashauri kijana atafute majirani Waislamu wasiojua lugha yake. Katika shule hizo wako Waindonesia wengi, na Wabangladeshi, na Wauzbeki, na watu wa Malaysia. Vijana wawili watatu wa namna hiyo, wenye kusali, wakikaa pamoja na kijana wetu, jiko lao litakuwa la halali, Sala yao itakuwa ya jamaa, na lugha ya kugombania zamu ya kuosha vyombo itakuwa Kijapani, maana hawana nyingine ya kuelewana vizuri. Hili si jambo la kubuni mezani. Waliotusimulia kwamba walifaulu, wengi wao waliishi hivi. Basi aanze bwenini miezi sita, katika chumba cha peke yake kama fedha yatosha, awajue watu na tabia zao, kisha ndio wahamie pamoja. Na mazungumzo ya Kiswahili hatayakosa akiyahitaji: Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, na Mjapani ajifunzaye Kiswahili hufurahi kubadilishana lugha na mwenyewe.

Tuingie katika fedha, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapodanganywa. Kuna madalali waambiao wazee: toa karo ya mwanzo tu, kijana atafanya kazi na kujilipia. Tufanye hesabu mbele yao. Karo za shule za lugha kwa kawaida ni baina ya yeni 700,000 na 900,000 kwa mwaka. Tushike 800,000, ambayo ni karibu 67,000 kwa mwezi. Chumba cha bweni Tokyo tukishike kwa 45,000. Hiyo ni 112,000 kabla hajala tonge, hajapanda treni, wala hajalipa bima ya afya. Sheria humruhusu mwanafunzi, baada ya kuomba ruhusa, kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na katika likizo ndefu za shule saa 8 kwa siku. Kima cha chini cha ujira mjini Tokyo kilichoanza Oktoba 2024 kilikuwa yeni 1,163 kwa saa. Saa 28 kwa wiki nne ni yeni 130,000 hivi. Kilichobaki ni 18,000 kwa chakula na mambo yote ya mwezi mzima. Na hii ni ikiwa amepata kazi tangu siku ya kwanza, na asiyejua lugha haipati hivyo.

Aipatayo ni ipi? Ni kuosha vyombo katika nyumba za ulevi, au kupanga vyakula katika viwanda usiku kucha, na katika vyakula hivyo nguruwe yumo. Kodi ikiwa kubwa kuliko mfuko, saa za kazi huzidi. Zikizidi 28 ni kosa la kumfukuzisha nchini. Na zisipozidi, usingizi humchukua darasani, mahudhurio yakaanguka. Tumesikia ya kijana aliyepewa chumba kizuri na cha ghali, na hicho chumba ndicho kilichomrudisha. Mzazi asiyeweza kutuma kodi ya nyumba kwa mwaka wa kwanza wote, twamnasihi asiuze shamba kwa ahadi ya dalali. Kuna njia nyingine, nayo ni msaada wa masomo wa serikali ya Japani, uliopo tangu mwaka 1954 na uombwao kwa balozi zao, ya Dar es Salaam na ya Nairobi pia. Apatae wa shahada ya kwanza halipi karo, hupewa posho ya kila mwezi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa yeni 117,000, na hufundishwa lugha mwaka mmoja mzima, Tokyo au Osaka, kabla ya kuingia chuo. Ushindani wake ni mkali. Lakini kujaribu mara mbili na kukosa ni nafuu kuliko deni.

Wasichana nao huenda, na si haki kuwasahau. Kwa binti, yako mabweni ya wanawake watupu, yenye mlango ufungwao na msimamizi, na mengine yana saa ya mwisho ya kurudi usiku. Hilo ndilo la kumtafutia, wala asiwekwe katika zile nyumba za vyumba vingi ambamo wanaume na wanawake hutumia jiko moja na ukumbi mmoja, hata zikisifiwa kwa urahisi wake. Nyumba hizo hazitaki mdhamini wala reikin, na ndiyo maana madalali huzipenda. Na kabla ya kuuliza bweni, walii wake na aulize wanavyuoni wa mahali pake habari ya safari yenyewe.

Nyumba nyingi za kupanga za bei ndogo ni za mbao, na kuta zake ni nyembamba. Mtu hupiga chafya, jirani akasikia. Kijana aliyezoea kusoma Qur'ani kwa sauti baada ya Alfajiri akumbuke kwamba Alfajiri ya Juni huko ni saa 9 za usiku, na saa yake yenye adhana itawaamsha watu wa pande mbili. Mtume wetu (s.a.w.) ameikokoteza haki ya jirani bila ya kubagua dini yake. Asome kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Takataka huko hutolewa kwa siku zake, za kuchomwa mbali na za chupa mbali, na hakuna kosa la mgeni likasirishalo majirani kuliko hili. Viatu havivukishwi mlango, na hilo kwetu si geni. Ahamiapo nyumba ya kupanga, desturi yao ya zamani, ijapokuwa mijini imepungua, ni kubisha kwa majirani na kuwapa zawadi ndogo, taulo au biskuti. Na afanye hivyo, atajulikana jina lake, na hapo saa za lugha zitaanza kuhesabika. Na asisahau kuiandikisha anwani yake katika ofisi ya serikali ya mtaa katika siku 14 za kuhamia.

Mzazi wetu aandike barua kwa shule kabla ya kutuma fedha yoyote, aulize darasa ni la asubuhi au la mchana. Bweni ni dakika ngapi kwa miguu. Lina jiko au lina chakula cha kulazimishwa. Bafu ni la mtu mmoja au la wote. Chumba ni cha watu wangapi. Mkataba ni wa miezi mingapi, na akiondoka baada ya sita hurudishiwa nini. Aulize pia kama shule imekwisha kukubaliwa na Wizara ya Elimu chini ya sheria mpya iliyoanza Aprili 2024, au iko katika muda wa kungoja. Shule nyingi zipokeazo wanafunzi mwezi wa Aprili hufunga maombi yake mnamo Novemba ya mwaka wa nyuma, na vyumba vya karibu na shule ndivyo viishavyo mwanzo. Jibu likija, alihifadhi mahali pamoja na risiti ya karo, na nakala yake ampe kijana aifunge katika mzigo wake.